Aliyemtafunia Karani

Kituoni,
2 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na cherehani yako, na mdogo wangu pamoja na kichanga chake. Uliniandikia kwamba mjukuu amezaliwa na sauti ya dalali wa mnadani. Hiyo sauti ni yako, usimsingizie baba yake.

Mimi sijambo. Huku mtandao bado ni ndoto, simu yangu naitumia kama tochi, kwa hiyo tutaendelea kuandikiana kama watu wa zamani mpaka dereva wa gari la chakula achoke kutubebea.

Karani naye ni mzima, angalau kwa macho. Unamkumbuka? Ni yule sokwe aliyeletwa hapa ndani ya boksi la sabuni, mdogo kama kiatu, wawindaji wamemuua mama yake. Tulimwita Karani kwa sababu hakuna kitu kinachopita mlangoni bila yeye kukikagua. Alikataa chupa, akakataa kijiko, tukajua atakufa. Basi nikawa namtafunia mwenyewe ndizi na viazi na kumtilia mdomoni, hivyo hivyo mwaka mzima, na fizi zangu zikiniuma na kutoa damu kama kawaida yangu. Wenzangu walinicheka wakasema nimezaa. Sasa ana miaka mitano, mikono mirefu kuliko yangu, lakini hata leo akiniona natafuna anabenua mdomo wa chini ukawa kama sahani, anangoja haki yake.

Mwezi huu alikuwa aingie msituni, nyuma ya uzio mkubwa, akaishi na sokwe wenzake. Nimemlea kwa ajili ya siku hiyo. Ila kabla ya kuchanganywa na wenzake huwa wanapimwa damu, na damu yake imeonyesha kitu. Daktari wetu wa wanyama anasema ni homa ya ini, ile aina ya B. Kumbe sokwe nao wanaipata kama sisi. Geti limefungwa, hatoki mtu wala haingii isipokuwa gari la chakula, mpaka sote tuliomshika tupimwe.

Usiwe na wasiwasi, ni utaratibu tu.

Mwanao,
Kijiko


Nyumbani,
19 Machi

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Hatujambo. Mjukuu ananenepa, mdogo wako anakonda, ndivyo ulezi ulivyo. Kuna mteja amenirudishia sketi mara ya tatu, anasema inambana. Sketi haijabadilika. Aliyebadilika namjua, lakini biashara ni ulimi, nimeipanua nikamwambia kitambaa kilirudi kwenye maji.

Barua yako imefika inanuka dawa ya kusafishia choo. Nimecheka peke yangu kusoma ulivyomtafunia huyo Karani. Wewe ulikuwa hivyo hivyo. Kijiko ulikiangalia kama sindano, ndipo tukakuita Kijiko kwa kukutania, na marehemu mama yako akakutafunia mpaka ukaota magego. Bibi yako alitutafunia sisi, mimi na mama yako, kutoka mdomo mmoja. Ndivyo tulivyolelewa na hatukufa.

Hebu niambie. Macho yako ni meupe? Jiangalie kwenye kioo mchana, usijiangalie kwa taa. Na mkojo wako una rangi gani? Usiseme mama mdogo hana haya, nijibu tu.

Na huyo mnyama usimguse tena.

Mama Mdogo


Kituoni,
6 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo.

Nashukuru kwa habari za sketi, nilimsomea mpishi akacheka mpaka akaunguza maharage. Barua zote sasa zinapuliziwa dawa getini, zinazoingia na zinazotoka, ndiyo harufu unayoisikia. Daktari amemwambia mkuu wa kituo kwamba kirusi hiki hakipandi karatasi. Mkuu anajibu kwamba tahadhari haijamwua mtu. Si mtu mbaya, ila ana hofu, na hofu yake ndiyo yenye funguo za geti.

Macho yangu ni meupe. Lakini wewe umejulia wapi habari za macho? Mimi sikukuandikia. Sisi wenyewe ni juzi tu daktari alipotuambia kwamba homa ya ini inaweza kuyafanya macho yawe ya manjano.

Majibu yametoka. Walezi wote, mpishi na mlinzi hawana kitu, wameshaanza kuchanjwa, isipokuwa mmoja wetu aliyekutwa nacho. Sitamtaja, maana hapa maneno hayalali njaa. Amepewa kikombe chake cha peke yake chenye alama nyekundu, ingawa daktari amesema mpaka amekauka koo kwamba kikombe hakiambukizi.

Daktari anamuuliza kila mtu habari za kwao, nani aliumwa ini, nani alikufa kwa nini. Ilipofika zamu yangu nikasema tumbo, akaniuliza tumbo gani. Mimi mtu mzima sijui kilichomuua mama yangu. Mama alikufa kwa ugonjwa gani?

Mwanao,
Kijiko


Nyumbani,
25 Aprili

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa chapachapa, wino umekimbia. Mistari ya mwisho imefutika kabisa, naona neno "mama" na alama ya kuuliza. Nadhani ulitaka kujua mama wa mtoto anaendeleaje. Anaendelea vizuri, ameanza kula.

Mjukuu anacheka sasa. Anamchekea kila mtu, hata yule mwenye nyumba. Nimebadilisha mkanda wa cherehani, ule wa zamani ulikatika katikati ya suruali ya mwalimu. Mvua zimenyesha. Jirani wa kushoto amehama, jirani wa kulia anatamani ahame lakini mke wake hataki. Nimepaka rangi mlango. Sasa unafunguka kwa shida.

Huyo mwenzenu aliyekutwa nacho, mwambieni asiguse pombe, wala asinywe dawa za mizizi za kuokoteza, zitammalizia ini. Na aende hospitali ya watu, asitegemee daktari wa nyani.

Mama Mdogo


Kituoni,
11 Mei

Mama Mdogo, shikamoo.

Hii nimeiandika kwa penseli. Niliandika kwanza karatasi ya majaribio, nikaipulizia ile dawa mwenyewe, nikaianika. Haikufutika hata nukta.

Huyo mmoja ni mimi.

Usilie, mimi sijisikii mgonjwa. Nilipelekwa hospitali ya watu kwa gari la kituo, dirisha limefungwa, kama mahabusu, nikarudishwa hivyo hivyo. Wameniambia ini langu bado linafanya kazi, nitafuatiliwa, na dawa zipo siku zikihitajika.

Shida ni Karani. Mkuu ameshakata shauri kwamba yeye ndiye aliyeniambukiza. Amenihurumia kweli, amenipa godoro jipya, ameahidi kazi yangu haitaguswa. Lakini anasema mnyama aliyekwisha kumwambukiza mlezi hawezi kuaminiwa na mtu tena, na chumba cha kumfungia maisha hatuna. Bodi itakaa tarehe ishirini na nane Juni, imruhusu amchome sindano ya kumlaza moja kwa moja.

Daktari anabisha. Anasema sokwe wana kirusi chao cha aina hii na binadamu tuna chetu, vinafanana kama ndugu, na cha kwetu kinaweza kuingia kwao. Kuvitofautisha kunahitaji maabara ya nje, na kibali cha kusafirisha damu ya sokwe kinaweza kuchukua mwaka. Karani hana mwaka. Kisha daktari akanikalisha akaniambia jambo jingine. Mtu mzima akipata kirusi hiki, mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza. Anayekaa nacho miaka na miaka mara nyingi ni yule aliyekipata akiwa mchanga, hasa kwa mama yake. Kama mimi nilikuja hapa ninacho, basi Karani hana kosa. Bodi haitatosheka na dhana ya daktari, inataka kitu cha kushika.

Kwa hiyo nauliza tena, na herufi ni kubwa: MAMA ALIKUFA KWA UGONJWA GANI?

Mwanao,
Kijiko


Nyumbani,
2 Juni

Mwanangu,

Nimelia, kwa hiyo usinikataze. Pole, mwanangu. Pole sana.

Umesema kazi yako haitaguswa, na hospitali wamekuona, na umepewa godoro. Basi shukuru. Sokwe ni sokwe. Ulimpenda, ulimlisha, Mungu ameona. Kuna watu wanazika watoto wa kuzaa na wanaamka kesho yake wakachota maji.

Mama yako alikufa kwa tumbo. Mtaa mzima unajua alikufa kwa tumbo. Waliokuja kuzika waliambiwa tumbo, na wewe uliambiwa tumbo, na sasa umekuwa mkubwa ni lile lile tumbo. Usifukue.

Mama Mdogo


Kituoni,
13 Juni

Mama Mdogo,

Sikuanza na shikamoo kwa sababu nimekasirika. Ukitaka kunichapa utanichapa nikija. Haya, shikamoo.

Nitakueleza anavyoishi huyo uliyeniambia ni sokwe tu. Wamemweka chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya magunia. Kina dirisha moja la wavu, liko juu. Anapanda ndoo, anashika wavu kwa vidole, anachungulia. Mimi nimekatazwa kuingia, nasimama nje kwenye matope. Wenzake wakipiga kelele msituni anawajibu, kisha ananyamaza anasikiliza kama wamemsikia. Wanasikia, wanajibu, na hawezi kwenda. Ameanza kujinyofoa manyoya ya mkono. Chakula anasukumiwa kwa fimbo, kwenye sahani yake ya peke yake, na aliyemsukumia anakwenda kunawa kama ametoka kuzika.

Jana nikiwa pale nje nilikumbuka kitu. Mama naye alikuwa chumba cha nyuma. Mliniambia amechoka, anataka kimya. Nilikuwa nasimama nje ya dirisha na yeye anapanda juu ya kitu, sijui ni sanduku, ananichungulia. Alikuwa na kikombe cha bati cha bluu. Nilikigusa siku moja, nawe ukanipiga kofi, wewe ambaye hukuwa unapiga watoto.

Macho yake yalikuwa na rangi gani, Mama Mdogo? Nilikuwa mdogo na dirisha lilikuwa na kiza, sikumbuki.

Geti halijafunguliwa. Bodi inakaa siku ile ile niliyokwambia.

Kijiko


Nyumbani,
21 Juni

Mwanangu Kijiko,

Yalikuwa manjano. Na mimi naandika kwa penseli ili mtu yeyote asipate pa kujifichia, hata mimi mwenyewe.

Mama yako aliumwa ini. Ilianza na uchovu, tukasema ni kazi. Kisha macho, kisha tumbo likajaa maji, akawa kama mjamzito wa miezi minane na mikono kama ya mtoto. Hospitali kuu walituambia jina lake, hili hili unaloniandikia, na ile herufi yake. Waliniambia niwalete wote wa nyumbani wapimwe, na wewe wa kwanza. Sikukuleta.

Nitakwambia kwa nini, ingawa sitaki. Mtaa ulisikia kabla sisi hatujafika nyumbani. Waliokuwa wanakunywa chai kwetu wakaanza kusema wameshiba. Mwenye nyumba akamtaka ahamie chumba cha nyuma au sote tutoke. Kikombe cha bluu hakikuwa amri ya daktari, kilikuwa amri ya majirani, nami nikaifuata. Mama yako alikufa akiwa na watu kumi ndani ya nyumba na hakuna aliyemshika mkono isipokuwa mimi, tena nikiwa nimefunga mlango. Alinishika akasema: "Mtoto wangu asije akatengewa kikombe. Sema ni tumbo." Nikasema ni tumbo. Nimelisema mpaka likawa kweli mdomoni.

Na sasa umetengewa kikombe hata hivyo. Niliposoma habari ya alama nyekundu niliiweka barua chini ya cherehani nikakaa juu ya kiti kama mgeni kwangu.

Wiki hii nimefunga kazi nikaenda kupima. Nami ninacho. Daktari amesema huenda tulikipata sisi wote wawili utotoni, mimi na mama yako. Kwa hiyo mwambie daktari wako: dada yangu kwa ini, mimi ninacho, wewe unacho. Kama bodi haiamini, hospitali kuu ipo, wodi ya wanawake, na yule mganga aliyemtibu sasa ana mvi lakini bado yupo, nimemwona kwa macho yangu, amekubali kuulizwa. Mdogo wako na mjukuu wamepimwa, wao hawana kitu, na mtoto alichanjwa tangu kuzaliwa. Hilo namshukuru Mungu usiku na mchana.

Najua ninachokifanya. Ukimpa daktari barua hii, Karani atapona sindano na wewe hutamshika tena. Ukiichana, utabaki na kazi yako na godoro lako. Sikushauri. Nimekushauri vibaya vya kutosha.

Dereva nimemshonea suruali bila malipo ili aifikishe.

Mama yako mdogo


Kituoni,
4 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo tena shikamoo.

Nimechelewa kuandika, nisamehe. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya kikao. Mlinzi aliilowesha kama anamwagilia mchicha, lakini penseli ilikaa. Niliisomea chooni, maana ndiyo sehemu pekee hapa yenye kufuli la ndani. Nilikaa humo mpaka mpishi akagonga akauliza kama nimezimia. Nisikudanganye, niliikunja ndogo ndogo nikaangalia shimo. Miaka kumi na moja nimefanya kazi hii. Sijui kufanya nyingine, na sijui kuamka bila kumsikia yule Karani wangu akigonga ndoo.

Halafu nikakumbuka nilipokuwa nasimama nje ya dirisha la mama, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyenifungulia mlango. Nikatoka nikampa daktari.

Kwenye kikao mkuu aliniuliza, "Unaelewa unachosema? Kwamba wewe ndiye uliyemwambukiza?"

"Mimi ndiye," nikasema.

"Kwa njia gani?"

"Nilimtafunia."

Hakuna aliyecheka. Daktari akawaeleza kwamba mate peke yake si kitu sana, lakini fizi zinazotoka damu na mdomo wa mtoto wenye vidonda, njia ipo. Wakampigia simu yule mganga wako mwenye mvi kwa simu ya redio ya mkuu, nasi tukangoja nje. Baadaye wakaamua. Sokwe wote wamechanjwa, chanjo ile ile ya watu, wamesubiriwa mpaka ikashika, na juzi Karani amefunguliwa aende kwa wenzake.

Nilimwona anatoka. Alisimama mlangoni akaukagua, kisha akakagua bawaba, kisha ardhi. Jike moja zee likamjia, likamnusa, likakaa kumchambua manyoya ya ule mkono alioujeruhi. Mama Mdogo, nililia mbele za watu na sikujificha.

Mimi nimeondolewa kwa wanyama. Si kwa ubaya, daktari mwenyewe alinitetea, akasema tahadhari ndogo zingetosha. Mkuu amekataa. Nimepewa geti. Ndiyo, sasa mimi ndiye mwenye chupa ya dawa, na geti bado halijafunguliwa, amri hiyo haijafutwa, hivyo nalinda kifungo changu mwenyewe. Barua hii nimeipitisha kavu. Wakinigundua, basi.

Juzi jioni Karani alikuja mpaka kwenye uzio, upande wa getini. Nilikuwa nakula hindi. Akaniona natafuna, akabenua mdomo wa chini uleule, ukawa sahani, akangoja. Nilimeza. Nikafumba mdomo nikamtazama. Alingoja kwa muda mrefu, kisha akajichukulia jani, akalitafuna mwenyewe, akaenda.

Mwanao,
Kijiko


Nyumbani,
20 Septemba

Mwanangu Kijiko,

Marahaba mara zote ulizonidai na ulizoniacha bila.

Barua ilifika kavu. Nimeinusa, haina harufu ya choo, nikaona ni ajabu, kama nimeandikiwa na mtu mwingine. Usihangaike na geti. Hakuna geti lisilochoka. Likifunguliwa, uje. Nitakuchapa kwa ile ya Juni, kisha utakula.

Mimi naendelea na kliniki. Watu wameshajua, nilimwambia mmoja tu, tena kwa makusudi, yule wa sketi, kwa hiyo wote wamejua. Wawili hawaleti tena nguo. Yeye wa sketi analeta. Kikombe cha bluu kilikuwa darini miaka yote hii, nimekifunga kwa kitambaa. Nimekitoa, kina kutu kidogo ukingoni, nakinywea chai barazani. Daktari alisema hakiambukizi, na nimewaambia wapitao njia waambiane.

Mjukuu ameota meno mawili na ameanza kula. Juzi mama yake alikuwa anafua, nikabaki naye. Nilichukua kipande cha kiazi, na kabla sijafikiri lolote kilikuwa mdomoni mwangu na taya zinakwenda zenyewe. Yeye ananiangalia mdomo, amebenua wake, hivyo hivyo ulivyoniandikia. Amechanjwa, najua amechanjwa. Lakini niliona mikono ya mama yangu, na ya dada yangu, na wewe chini ya dirisha la mama yako umekodoa macho, na huyo sokwe wako kwenye uzio. Nikameza kiazi changu.

Nilikwenda dukani nimembeba mgongoni, nikamnunulia kijiko. Nikakiponda kiazi kwenye bakuli, nikampa. Akakitema. Nikampa tena, akapiga kelele kama anauawa, majirani wakachungulia. Anakichukia kijiko kama ulivyokichukia wewe.

Nilikaa naye pale pale mkekani mpaka chai yangu ikapoa, mpaka akakifungulia mdomo.

Mama yako mdogo